Midomo ya Mwenye Kiwanda

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Najua ukipokea barua nene kutoka kwangu unatafuta miwani huku ukisema, "Huyu ana shida." Ni kweli, nina shida. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho tulipojaribu nilipayuka hadi jirani akaja kuuliza nagombana na nani, na wewe kwa masikio yako hayo hukuambulia hata nusu.

Nimepewa kazi ya kuandika kitabu cha maisha ya Mwenyekiti, mwenye kiwanda cha mablanketi. Kiwanda kinatimiza miaka hamsini mwezi wa nne, na binti yake, ambaye sasa ndiye Mkurugenzi, anataka kitabu kitoke mara baada ya sherehe. Usicheke. Kitabu changu cha mwisho kilinunuliwa na mama mkwe wangu na watu aliowalazimisha, kwa hiyo sikuwa na ubavu wa kukataa.

Tatizo ni kwamba Mwenyekiti hasemi. Mwaka jana alipasuliwa koo, uvimbe ukatoka na sauti ikatoka nao. Akili ni timamu, masikio ni mazima, midomo inakwenda kama kawaida, ila hakuna kinachosikika. Mikono inatetemeka, kalamu haikai. Walimletea ubao wa herufi aonyeshe kwa kidole, akausukumia sakafuni. Hata kichwa kinatikisika muda wote, hujui hii ni ndiyo au ni hapana. Wanawe wanakaa mbele yake kama watu wanaotazama televisheni iliyokatika sauti.

Nilipelekwa kumwona. Nilimtazama kidogo tu, Dada, nywele zikanisimama. Anatamka kama Mama. Polepole, midomo wazi, kila neno linakaa usoni kabla halijaondoka. Ni ile lugha ya kimya ya ukumbi wa mitambo, mliyokuwa mkiongea ninyi wafumaji kwa sababu kelele za mitambo zilimeza kila sauti. Mimi tangu Mama afariki sijaongea na mtu kwa midomo, imenipotea. Nikamwambia Mkurugenzi: ninaye dada, amefuma pale hadi nywele zikageuka rangi, atamsoma baba yako kama gazeti.

Najua unavyomfikiria mtu huyu. Mimi namfikiria vingine, na sababu unaijua: bila yeye nisingeliona darasa. Mweke Mama pembeni miezi miwili tu. Niambie umekubali.

Mdogo wako,
Mwandishi


12 Februari

Mwandishi wangu,

Marahaba. Nimekubali. Usianze kushangilia, soma hadi mwisho.

Nimeshahamia kwao. Nimepewa chumba kinachopakana na chake, chenye godoro laini kiasi kwamba nikilala najiona kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai. Magauni yangu yananing'inia kwenye kabati kubwa kuliko jiko langu, yanaonekana yamefiwa. Juzi nilikuwa mfumaji mstaafu na fundi cherehani wa sare za shule, leo nimepandishwa cheo. Mimi ni koo la tajiri.

Siku ya kwanza Mkurugenzi alinikalisha kwenye kiti mbele ya baba yake. Mzee Mitambo, kama tulivyomwita ukumbini, akanitazama, midomo ikaenda: "Huyu ni nani?"

Nikasema kwa sauti, "Anauliza mimi ni nani."

Binti wa watu akaanza kulia. Alinikumbatia hadi miwani ikahama. Tangu upasuaji ule hakuwa amepata neno hata moja la baba yake. Mzee naye akaendelea: "Mwambie aache kulia, na huyu mwanamke akae mbali, ananuka mafuta ya cherehani."

Nikasema, "Anasema karibu sana."

Sikuwa na nia mbaya, nilimwonea huruma yule binti. Lakini masikio ya mzee ni mazima, umesema mwenyewe. Alisikia nilichosema. Macho yalimtoka. Akasema nilikuwa namdanganya, nikasema anaomba maji. Nikaona ilivyo rahisi, mdogo wangu. Nimekaa nikilifikiria tangu siku hiyo.

Sasa sikiliza. Kule kiwandani wanatengeneza chumba cha kumbukumbu kwa ajili ya sherehe. Wametundika picha zake, mtambo wake wa kwanza uliosuguliwa ukang'aa, na ule ubao wa getini. Wewe uliondoka mdogo, labda umeusahau. Mimi nilipita chini yake kila asubuhi nikienda kufuma. MFUMAJI ALIGONGWA NA LORI LA MAROBOTA. HONI ILIPIGWA. HAKUJALI. UZEMBE UNAUA. Jina hawakuandika, wakasema ni kumstahi. Nani hakujua kuwa ni mama yetu?

Mkurugenzi alinionyesha ubao huo kwa fahari. Eti unaonyesha baba yake alijali usalama tangu zamani. Hajui mimi ni binti wa nani. Wewe hukumwambia, na mimi sijamwambia.

Mama alikuwa hasikii hata radi, kwa sababu ya mitambo yao. Na kutoka ukumbini kwenda chooni ilibidi ukatize njia ya malori, njia nyingine haikuwepo. Honi ilipigwa. Wangeweza hata kumpigia bendi nzima.

Kwa hiyo ujue nimekuja kufanya nini. Nataka mtu huyu aseme mbele za watu kwamba Mama hakuwa mzembe, na ubao ule ushuke. Kitabu chako ni nyongeza.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Hilo la ubao limenichoma, na nitaongea na Mkurugenzi kwa njia ya kistaarabu, kitabu kikishatoka. Hapa katikati ni vigumu.

Lakini nawe kuwa mwadilifu kidogo. Mtu yule alianza na mtambo mmoja uliotupwa na wenzake. Kabla yake mji ule ulikuwa stendi na vumbi. Shule niliyosoma aliijenga yeye. Zahanati ulikojifungulia wanao wawili aliijenga yeye. Wako matajiri wa viwanda ambao hawajui hata mlango wa nyuma wa viwanda vyao uko wapi. Huyu alikuwa akiingia ukumbini mikono imekunjwa. Ukimwandika mtu kama mnyonyaji, ukaishia hapo, utamweleza nani kwamba nusu ya mji ilivaa viatu kwa sababu yake?

Nisaidie na maswali mawili. Alianzaje? Na ile lugha ya midomo alijifunzia wapi? Wakubwa wengine walikaa ofisini na kutuma karatasi. Hapo naona sura nzima ya kitabu.

Na tafadhali, anachosema ndicho usome.

Mdogo wako,
Mwandishi


2 Machi

Mwandishi,

Nimeanza kulipiza kisasi, kwa kiwango cha mtu wa hali yangu.

Mzee anasema chai iwe na sukari nyingi. Mimi nasema, "Anaomba isiwe na sukari kabisa, anajali afya yake." Anasema redio izimwe. Nasema iongezwe sauti kidogo. Kuna mkwe wake, mume wa Mkurugenzi, kijana mwenye mipango mingi ambayo haijawahi kumaliza mwezi. Huyo mzee hampendi hata kumwona. Juzi aliingia, mzee akasema, "Mtoe huyu mjinga." Nikamwambia, "Baba anafurahi umekuja. Anaomba umweleze mpango wako wa sungura, mwanzo hadi mwisho." Alikaa hadi jua likazama. Hujawahi kuona mtu akisikiliza habari za sungura kwa macho kama yale. Mimi nilikuwa pembeni nafuma soksi.

Unadhani sina huruma. Ninayo, ila nimeiacha nyumbani kwenye cherehani.

Maswali yako lakini nimeyauliza kwa haki, na majibu nakuandikia kama yalivyotoka kwenye midomo yake, kwa sababu kitabu chako sina ugomvi nacho. Ule mtambo wa kwanza aliununua kama chuma chakavu. Aliufungua na kuufunga hadi akaujua, akalala chini yake siku za mvua kwa sababu pa kulala pengine hakuwa napo. Marobota aliyabeba mwenyewe begani. Anasema hadi leo akifumba macho anajua kwa mlio ni mtambo upi umelegea. Nilimwamini. Nilifuma pale, nilimwona akisimama mlangoni na kunyoosha kidole kwenye mtambo ulio mbali, na kweli huo ndio ulikuwa unaumwa. Akili anayo, simnyimi.

La pili. Alijibu hivi: "Baada ya muda wafumaji wote walikuwa viziwi. Kiziwi huwezi kumwamuru kwa kupiga kelele, lazima umtazame usoni na yeye akutazame. Kulikuwa na mwanamke wa mstari wa mbele, mwenye pengo. Yeye ndiye alinifundisha. Alinicheka sana mwanzoni."

Mwenye pengo, mstari wa mbele. Mimi na wewe tunamjua.

Kisome mara mbili hicho alichosema.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Nimesoma barua yako na kusahau chakula mezani. Mama ndiye aliyemfundisha! Unaona jambo hilo? Mwenye kiwanda, mwenye cheo, anasimama mbele ya mfumaji na kukubali kuchekwa ili ajue lugha ya watu wake. Hiyo ndiyo sura ya tano. Kichwa nimeshakipata: Kiongozi Aliyejifunza Kusema kwa Kimya. Nimeandika kurasa nne bila kunyanyuka, jambo ambalo mke wangu anasema halijatokea tangu tuoane.

Tujivunie, Dada. Ndani ya ukuu wake kuna mkono wa Mama.

Hilo la chai sikubaliani nalo. Mrudishie mzee wa watu sukari yake. Na sungura ni ukatili.

Mdogo wako,
Mwandishi


17 Machi

Mdogo wangu,

Nilikuambia usome mara mbili, wewe umesoma mara moja na nusu, ukakimbilia kuandika.

Kaa chini. Weka kalamu. Mtu alijifunza kusema kwa midomo kwa sababu gani? Kwa sababu alijua hawasikii. Alijua Mama hasikii, maana ndiye aliyekaa naye uso kwa uso akifundishwa. Halafu mtu huyo huyo, Mama alipogongwa, akaagiza iandikwe kwa rangi nyeupe juu ya ubao mweusi: honi ilipigwa, hakujali. Wewe hapo umeona ukuu. Mimi nimeona kwamba alijua.

Jana binti yake alipotoka nilivuta kiti karibu. Nikamwambia mimi ni nani. Nikasema mama yangu ndiye yule mwenye pengo, na ndiye yule wa ubaoni.

Akasema, "Honi ilipigwa."

Nikamwambia, "Ulijua hasikii."

"Sheria ilitaka honi. Honi ilipigwa."

"Mzee, ulijua hasikii."

"Ningesema kosa ni langu, kiwanda kingefungwa. Mngekula nini, wewe na mji wako?"

Nikamwambia sikuja kuuliza habari za mji. Nataka aseme siku ya sherehe kwamba Mama hakuwa mzembe. Maneno machache tu. Nikamwahidi kuwa kuanzia siku hiyo nitamsoma herufi kwa herufi, na sukari atapata.

Akasema jambo ambalo sikutaka kukuandikia, lakini nimelibeba tangu jana na ni zito. Alisema, "Mdogo wako nilimsomesha. Tulimalizana."

Sikujua kuwa ulikuwa kwenye bei, Mwandishi. Najua na wewe hukujua.

Basi. Siku ya sherehe mimi ndiye nitakayeshika kipaza sauti. Yeye atafungua mdomo, na watu watasikia ninachotaka mimi wasikie. Nitamfanyia alichomfanyia Mama: atasema, na hakuna atakayemsikia. Asiponipa kwa hiari, nitachukua.

Dada yako


26 Machi

Dada,

Hotuba ya Mwenyekiti nimeiandika na Mkurugenzi ameikubali. Naiambatanisha. Siku ile ataisoma kwa midomo, wewe utaitamka kwa sauti. Ni ya ukurasa mmoja na haina jambo la kumuudhi mtu.

Nakuomba uitamke kama ilivyo. Mkurugenzi amealika wafumaji wastaafu. Watakaa safu ya mbele yote, amewaandalia mablanketi mapya ya kujitanda mabegani kwa ajili ya picha. Hajui kwamba kila mmoja wao anasoma midomo. Ukisema ambalo mzee hajasema, watakuona. Utaaibika mbele ya waandishi wa habari, na mimi niliyekuleta nitaaibika nawe. Na Mama naye ataaibika, kwa sababu watasema binti wa mzembe ni mwongo.

Kuhusu hayo mengine uliyoandika sina la kusema kwa sasa.

Mwandishi


7 Aprili

Mdogo wangu,

Uliondoka bila kuaga. Nilikutafuta hadi kwenye magari. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea jukwaani, ingawa na wewe ulikuwepo, maana sijui ulipokuwa umeketi uliona nini.

Ulikuwa safu ya pili, nyuma ya Bibi Kidole. Yule aliyeachia kidole chake kwenye mtambo, ambaye tangu nimjue hajawahi kukubaliana nami hata kama mvua inanyesha. Jua lilikuwa kali, na wamama wa watu wamejifunika mablanketi ya sufi, majasho yanawatiririka kama wanaoka mikate. Nilikuwa na hotuba yako mkononi. Nataka ujue kwamba hadi dakika ile sikuwa nimeamua. Barua yako ilinitia hofu. Nilikuwa naogopa safu ile ya mbele kuliko kitu chochote.

Wakamsukuma mzee kwenye kiti chake cha magurudumu. Akawaona. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile, uling'aa kama wa mtu aliyefunguliwa mlango wa jela. Alijua wale ni nani na wanaweza nini. Karatasi yako hakuitazama. Aliwageukia wao na kuanza kutamka, wazi wazi, kama enzi zake ukumbini.

Alisema: "Ninyi mnanielewa. Huyu ananisingizia tangu alipokuja. Mwambieni binti yangu amtoe."

Hakuna blanketi lililotikisika.

Akaendelea: "Ni mtoto wa yule aliyegongwa. Anataka nijilaumu. Nilijua ni kiziwi, ninyi wote mlijua, na yeye mwenyewe alijua. Kiziwi hapiti njia ya malori."

Hapo nikaona mabega ya mstari mzima yakipanda. Kila mmoja wao alipita njia ile kwenda chooni miaka yake yote. Kila mmoja alipigiwa honi asiyoisikia, akaokolewa na mwenzake aliyemvuta kwa gauni.

Mkurugenzi akaniinamia. "Baba anasema nini?"

Nikashika kipaza sauti. Nikasema: "Anasema, nilijua ni kiziwi. Honi nilimpigia kiziwi. Mama yule hakuwa mzembe, na njia ya malori niliiweka mimi. Ubao ule ushushwe leo."

Binti akageuka rangi. Si mjinga yule, akashuka hatua moja, akawatazama wale wamama, akasema polepole ili wamsome, "Mama zangu, ninyi mmemwona. Amesema hivyo?"

Nilifumba macho. Nilipofumbua, Bibi Kidole alikuwa amesimama. Aliweka blanketi vizuri, kama mtu ambaye hana haraka na maisha, akasema kwa ile sauti yake ya kiziwi inayofika mtaa wa pili: "Ndivyo alivyosema. Ametusalimia pia."

Mwingine akasimama. "Ndivyo." Na mwingine. Safu nzima, mdogo wangu.

Mzee kichwa kinatikisika, midomo inasema, "Waongo. Waongo."

Bibi Kidole akamwambia Mkurugenzi, "Sasa anatuambia asante. Mzee wa watu ana adabu."

Nilikuja kujua baadaye kwamba hawakuwa wamepanga. Nilimuuliza Bibi Kidole kwa nini alinitetea. Akanijibu, "Nani amekutetea wewe? Nilikuwa nadai njia yangu ya chooni."

Ubao ulishushwa kabla watu hawajatawanyika. Lakini haujavunjwa. Uko stoo, umegeuzwa uso ukutani, na najua kwa nini. Mkurugenzi ana wasiwasi. Mimi ni mtoto wa marehemu, wale ni wafumaji, anamtafuta mtu wa tatu. Atakuandikia wewe. Unamheshimu baba yake, kila mtu anajua, na ulimwambia wewe mwenyewe kwamba ulikua ukiongea na mama yako kwa midomo.

Nilikutazama mzee alipokuwa anasema. Ulikuwa na daftari magotini. Aliposema "nilijua", uliinamisha kichwa. Labda ulikuwa unaandika. Labda ulikuwa umesahau lugha, kama ulivyosema.

Sikuulizi, na sikuombi. Umesomeshwa, utajua la kuandika.

Dada yako


11 Aprili

Ndugu Mwandishi,

Natumaini u mzima. Nakuandikia kwa jambo nyeti, na ninaomba libaki kati yetu.

Tangu siku ya sherehe baba hana raha. Chakula anakisukuma. Nikikaa karibu ananishika mkono na kurudia neno moja, mara nyingi, hadi machozi yanamtoka. Dada yako ananiambia neno hilo ni "asante". Mimi si mtaalamu, lakini nikisema "asante" mbele ya kioo midomo yangu haifanyi vile.

Wafumaji wote wamethibitisha kauli ya baba. Sitaki kuwavunjia heshima. Lakini nimeambiwa sasa kwamba marehemu wa kwenye ubao alikuwa mama yenu, jambo ambalo wewe na dada yako hamkunieleza mlipoingia katika nyumba yangu. Hilo limeniumiza.

Hata hivyo nakuamini wewe. Umemwandika baba yangu kwa haki kuliko watu wengi wanaomwita mnyonyaji bila kumjua. Ulikaa karibu. Lugha ile unaijua tangu utotoni. Nijibu kwa maandishi: baba yangu alisema nini?

Ikiwa alisema kama tulivyosikia, ubao utachomwa na maneno yake yataingia kitabuni. Ikiwa hakusema, ubao unarudi mahali pake, na dada yako atajibu mbele ya wanasheria. Nitaamini utakachoandika.

Mkurugenzi


15 Aprili

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nimepokea barua yako na kukaa nayo kwa siku kadhaa. Mimi ni mtu wa kuandika haraka na kufuta polepole, safari hii nilitaka nisifute.

Samahani kwa kutokukuambia mama yetu ni nani. Nilidhani naandika kitabu ambacho yeye hahusiki nacho.

Siku ile nilikuwa safu ya pili. Nilikuwa nimejiambia kwamba lugha ile imenipotea. Haikunipotea. Midomo ya baba yako ilipoanza kwenda nilielewa kila neno, kwa sababu mwanamke aliyemfundisha yeye ndiye aliyenifundisha mimi, na wote wawili tunatamka kwa mdomo wake.

Baba yako alisema alijua kwamba mama yetu ni kiziwi. Hilo nililiona kwa macho yangu mawili, nami ningetoa mengi nisilione. Hayo mengine ni kama alivyoyasema dada yangu. Naliandika hili kwa mkono wangu na kulitia sahihi, na yeyote atakayeniuliza, awe mwandishi wa habari au mwanasheria, nitamjibu hivyo hivyo. Ubao uchomwe.

Sura ya tano nimeiandika upya. Yale ya mtambo wa kwanza, marobota begani, shule na zahanati yamebaki, kwa sababu ni kweli, na mimi mwenyewe ni mmojawapo wa watu waliovaa viatu. Nimeongeza aliyoyajua, na siku aliyoagiza rangi nyeupe ya ubao ule. Msomaji ataamua amwite nani. Mimi nimeshaamua.

Kuhusu neno analolirudia akikushika mkono, ni "asante". Watu wa ukumbi ule walilitamka hivyo, mdomo unafunguka mara mbili. Usihangaike na kioo. Kila akilisema mwitikie, umpapase mkono, umwambie umemsikia.

Na kama bado ana la kuongeza, sioni haja ya kutafuta mtu mwingine. Dada yangu yuko hapo kando ya kitanda, asubuhi hadi jioni, na anamwelewa kuliko sisi sote. Mwache aendelee kumsikilizia.

Wako,
Mwandishi, mtoto wa mfumaji